Kuhamia milimani Colorado: makoti utanunua, ila chunga nyumba

Mkuu, umeuliza baridi ya Summit County, Colorado, Marekani ikoje, kwa kuwa mnahamia Frisco Oktoba, wewe, shemeji na watoto, kwenye nyumba zinazosimamiwa na chama cha wamiliki wa nyumba (HOA). Wengi wamekujibu habari za makoti na viatu. Mimi nafanya kazi ya matengenezo kwenye makazi ya aina hiyohiyo, kwa hiyo niongelee nyumba yenyewe, maana huko ndiko watu wanakopata hasara.

Frisco iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Januari kufika nyuzi 20 chini ya sifuri si ajabu, na hata mwezi Mei theluji inaweza kuanguka.

Anza na mabomba. Maji yakiganda yanapanuka kwa karibu asilimia 9 na bomba linapasuka. Ubaya ni kwamba siku hiyo huoni kitu, barafu imeziba ufa. Joto likirudi ndipo maji yanamwagika mpaka kwa jirani wa chini. Kwa hiyo mkisafiri msizime hita, hata kama bili inauma. Iacheni nyuzi 13 za Selsiasi au zaidi. Usiku wa baridi kali fungua milango ya kabati la chini ya sinki ili joto la chumba lifike kwenye bomba, na koki iliyo upande wa ukuta wa nje iache idondoshe maji kidogokidogo. Siku mnayokabidhiwa funguo, muulize msimamizi koki kuu iko wapi, na shemeji naye aijue.

Paa nalo. Theluji ikikaa juu ya paa lenye baridi, haina neno. Shida ni joto la ndani likipenya darini: theluji inayeyuka kwa chini, maji yanateremka hadi upenuni kusiko na joto, yanaganda tena. Barafu ikiwa nene pale, maji yanayofuata yanakwama nyuma yake na kuingia chini ya vigae mpaka sebuleni. Ukiiona, usiigonge kwa nyundo, utavunja vigae, toa taarifa. Dawa ya kweli ni kuziba matundu ya dari na kuongeza sufi ya kioo, na hiyo ni kazi ya kiangazi. Watoto wasicheze chini ya upenu kabisa.

Hili linalofuata naomba ulisome pamoja na shemeji. Hita nyingi za gesi hutolea moshi kwenye bomba la ukutani. Theluji ikirundikana ikaliziba, kaboni monoksaidi inarudi ndani. Ni gesi ileile inayoua watu kwetu wanaolala na jiko la mkaa, haina rangi wala harufu. Hakikisheni king'ora chake kipo karibu na vyumba vya kulala, na mkijaribu kila mwezi. Kikilia, tokeni nje wote kwanza, halafu pigeni 911. Kila theluji kubwa ikianguka, zunguka nyumba usafishe tundu la moshi na mita ya gesi kwa mkono au ufagio, si beleshi. Wala gari msilipashe moto ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi.

Kuhusu chama, soma kanuni zao kabla ya kusaini. Ada ya mwezi kwa kawaida inalipia kuondoa theluji barabarani na kwenye maegesho, lakini ngazi na kibaraza chako vinaweza kuwa juu yako. Uliza upewe kwa maandishi. Magari ya kusukuma theluji hupita alfajiri, na gari lililoegeshwa vibaya linaburutwa kwa gharama yako. Chumvi ya kawaida ya kuyeyushia barafu inakaribia kutofaa kitu chini ya nyuzi 10 hasi. Hapo mwaga mchanga au changarawe ili watu wasiteleze.

Mwisho ni gari. Barabara kuu ya I-70, ile inayopita Frisco, kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, sheria inadai tairi zinazofaa theluji zenye kashata (yale meno ya tairi) ya kina cha karibu milimita 5, au ubebe minyororo. Nunua mapema, maana theluji ya kwanza ikishaanguka foleni kwa mafundi wa tairi inakuwa ndefu.