Kabla Hujanunua Programu ya Droni ya Kupimia Ujazo wa Machimbo

Mzee mmoja aliyekuwa akisimamia chimbo la mchanga katika Mkoa wa Kaskazini Unguja alikuwa na daftari la skuli ambalo kila gari iliyotoka imejaa aliiwekea mstari mmoja wa kalamu, na kila ikifika ya tano akaikata ile minne kwa mstari wa kulalia. Daftari lilikuwa limefika gari 1,010. Mimi nilikuwa na ripoti ya kurasa sita, yenye picha ya rangi iliyopigwa kwa droni, iliyosema kuwa mchanga uliochukuliwa ni mita za ujazo 7,800. Mwenye kazi alipoongeza ule mfumuko wa mchanga uliokwisha kuchimbuliwa, akagawa kwa ujazo wa gari, alipata gari 1,248. Akamtazama mzee. Mzee akanigeukia mimi na kuniambia kwa upole, "Mwanangu, hizo gari mia mbili na ushei zimepita njia gani nisizione?"

Zilikuwa hazikupita popote. Aliyekosea ni mimi, na kosa langu lilikuwa karibu limfanye mtu mwaminifu aonekane mwizi mbele ya watu wake.

Kwa siku tatu niliirudia kazi ile kwa picha zile zile 286. Nilizichakata kwa Pix4Dmapper, programu ya kugeuza picha za droni kuwa ramani ya vimo, ambayo ndiyo niliyoitumia mwanzo, kisha kwa Agisoft Metashape, kisha kwa WebODM, ambayo ni programu huria. Nilipoweka mpaka ule ule na uso wa msingi ule ule, majibu ya programu zote tatu yalitofautiana kwa chini ya asilimia 2. Nilipoubadilisha uso wa msingi ndani ya programu moja, jibu lilihama kwa zaidi ya asilimia 20. Ndiyo maana leo mtu akinijia na kuniuliza anunue programu gani ya kupimia machimbo, sianzi na bei wala na uzuri wa picha, bali humwomba kwanza aniambie programu anayoifikiria inampa uhuru gani juu ya uso wa msingi.

Uso wa msingi ni ule uso wa kufikirika ambao programu huanzia hapo kuhesabu kwenda juu au kwenda chini. Kwa rundo, uso huo ni kitako chake. Kwa shimo, ni kifuniko chake. Rundo la kokoto lililomwagwa juu ya sakafu tupu halina shida kubwa, kwa sababu unachora mpaka kuzunguka mguu wake, programu inaunganisha nukta za mpaka huo kwa pembetatu, na kitako kinachopatikana kinakaribiana sana na sakafu yenyewe. Shimo ni jambo jingine. Kifuniko chake kilikuwa ardhi ya shamba ambayo sasa haipo, na programu inalazimika kuibuni kutokana na kingo zilizobaki. Katika chimbo la yule mzee, kingo mbili zilikuwa na migomba na miwa. Droni hupima kile inachokiona kutoka juu, kwa hiyo programu ilichukua majani ya migomba kuwa ndiyo ardhi, ikatandaza kifuniko juu yake, na shimo lote la kiasi cha ekari moja likapata kifuniko kilichoinuka kwa wastani wa sentimita 35 hivi kuliko ardhi halisi ya zamani. Hizo peke yake ni zaidi ya mita za ujazo 1,400 za hewa ambazo niliziandika kuwa mchanga. Nilipourudisha mpaka kwenye sehemu zilizo wazi, na kuongeza nukta nilizozipima kwa mkono chini ya migomba, jibu lilikuwa mita za ujazo 6,390. Gari zote zilikuwa za mita za ujazo 7, na tulikubaliana kuwa mchanga ule ukichimbuliwa huongezeka kwa asilimia 12. Kwa hesabu hiyo daftari la mzee lilitoa takriban 6,310.

Kwa hiyo unapoijaribu programu, fungua sehemu yake ya ujazo na uangalie inakuruhusu kuchagua nini. Programu nyingi zina uso wa pembetatu, uso bapa uliolazwa kwa wastani wa nukta za mpaka, na kimo unachokiandika wewe mwenyewe. Hizo zinatosha kwa marundo ya bohari. Hazitoshi kwa rundo lililoegemea ukuta wa jiwe, jambo la kawaida katika machimbo yetu ya mawe, kwa sababu mpaka wa upande wa ukutani hupanda juu na kitako kikapinda. Hazitoshi Pemba pia, ambako ardhi ni ya vilima na kifusi huchimbwa kwenye mteremko. Ukilaza uso bapa pale, upande mmoja utakuwa umezikwa na mwingine unaelea. Unachohitaji ni programu inayoweza kuupokea uso uliopimwa kabla ya kuchimba na kuutoa kwenye uso wa leo, nukta kwa nukta. Metashape toleo la Professional inafanya hivyo ndani yake yenyewe. Ukitumia WebODM, unaweza kutoa nyuso mbili za tarehe mbili na kuzilinganisha katika CloudCompare au QGIS, ambazo zote ni za bure. Inachukua muda zaidi, lakini kila hatua unaiona kwa macho yako, na mimi naliona hilo kuwa faida.

Hapo napenda kumtahadharisha mnunuzi juu ya Metashape. Toleo la Standard ni la bei rahisi mno ukilinganisha na Professional, na nimewaona vijana wawili waliolinunua kwa furaha kisha wakakwama, kwa sababu halitengenezi ramani ya vimo wala halipokei alama za ardhini zenye majira, yaani namba zinazosema alama iko mahali gani hasa. Kwa kazi ya ujazo ni sawa na kununua mizani isiyo na mawe yake.

Uso wa kabla ya kuchimba unapatikana kwa kurusha droni kabla kijiko hakijaingia shambani, na hakuna programu itakayokurudishia ikiwa hukufanya hivyo. Hapa kwetu tuna msaada mmoja wa thamani. Kuanzia mwaka 2016, katika mradi wa Zanzibar Mapping Initiative, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia ilipiga picha za visiwa vyetu kwa droni, na picha hizo zikawekwa wazi kwa wote. Mimi huzitumia kuona ukingo wa chimbo ulikuwa wapi wakati ule, wapi palikuwa na minazi na wapi palikuwa wazi. Sizitumii kama kipimo cha vimo cha kulipana fedha, kwa sababu hazikupigwa kwa ajili ya kazi ya kubishania sentimita.

Sentimita hizo zina uzito. Ukikosea kimo kwa sentimita 5 tu katika ekari moja, umekosea takriban mita za ujazo 200, na ukiongeza ule mfumuko wa asilimia 12, kwa gari zile za mita 7 hizo ni gari 32 za mchanga. Kwa sababu hiyo jambo la pili ninaloliangalia ni jinsi programu inavyoripoti makosa yake. Alama za ardhini, yaani zile ulizozipima kwa kipokezi cha GPS cha wapima ardhi, lazima uweze kuzigawa mafungu mawili: fungu la kuifunga ramani na fungu la kuikagua, ambalo programu hairuhusiwi kulitumia katika hesabu. Programu ikikuonyesha kosa la alama za kuifungia tu, imejisahihisha mtihani wake yenyewe. Pix4Dmapper na Metashape zote zinatenganisha mafungu hayo vizuri. Hata ukiwa na droni yenye RTK, yaani inayosahihisha mahali ilipo papo hapo kwa msaada wa kituo kilichowekwa ardhini, kama DJI Phantom 4 RTK iliyotoka mwaka 2018, usiache kuweka alama za ukaguzi, kwa sababu kituo chake kikiwekwa juu ya nukta iliyokadiriwa, ramani nzima itapanda au kushuka kwa pamoja, na ndani ya picha hakutakuwa na dalili yoyote.

Hakikisha pia programu inakuachia uchague mfumo wa majira na wa vimo. Ramani zetu nyingi za zamani ni za Arc 1960, na za sasa ni za WGS 84 katika UTM kanda ya 37 Kusini. Kimo kinachotolewa na setilaiti si kimo kutoka usawa wa bahari, na kwa Zanzibar tofauti ya viwili hivyo inazidi mita 20. Ukichanganya kipimo cha mwezi wa kwanza cha mfumo mmoja na cha mwezi wa tatu cha mfumo mwingine, jibu litakuwa la ajabu kiasi kwamba utaligundua mara moja. Kinachonitia hofu zaidi ni mchanganyiko wa tofauti ndogo, ambao hupita kimya hadi kwenye malipo.

Kuhusu programu za mtandaoni kama DroneDeploy na Propeller, zina mpangilio mzuri wa kulinganisha tarehe kwa tarehe, na mwenye kampuni anaweza kuangalia chimbo lake akiwa ofisini bila ya kunipigia simu. Lakini piga hesabu ya picha kwanza. Picha 300 za megabaiti 8 ni gigabaiti 2.4 za kupandisha kila unaporuka, na mwenye kutegemea bando la simu akiwa shamba atalipa fedha na usiku mzima wa kungoja. Nikiwa mjini penye intaneti ya waya ningeifikiria. Kwa kazi za mashamba ninatumia kompyuta yangu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 32, na huiacha ichakate usiku.

Jaribio ninalolishauri kuliko yote halihitaji utaalamu. Kabla muda wa majaribio ya bure haujakwisha, nenda chimboni na futi ya kupimia. Mimi nilipima boksi la gari lenyewe: urefu mita 3.6, upana 2.1, kina sentimita 93, yaani mita za ujazo 7 na kidogo. Tulilijaza, tukausawazisha mchanga kwa ubao hadi ukawa sawa na midomo ya boksi, kisha dereva akaumwaga wote juu ya sakafu tuliyoifagia. Nikaweka alama sita kuzunguka rundo. Alama zangu za zamani zilikuwa za chokaa, na juu ya mchanga mweupe hazikuonekana kabisa kwenye picha, kwa hiyo nilikata vipande vya zulia la plastiki jeusi, nikapaka msalaba mweupe katikati na kuvibana kwa misumari. Nikaruka kwa mita 30. Programu ikisema rundo lile ni baina ya mita 6.8 na 7.3, ninaiamini, ikisema 8, ninatafuta kosa langu kabla ya kuinunua, na mara nyingi kosa huwa ni mpaka niliouchora mbali na mguu wa rundo.

Kuna mambo ambayo hakuna programu itakayokufanyia. Mchanga mweupe chini ya jua la saa sita hauna alama za kushikwa na kamera, na uso wake hutoka na matuta yasiyokuwepo. Ruka saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, na upunguze mwanga wa kamera. Baada ya masika mashimo mengi hubaki na maji chini, na droni haioni kilichomo ndani ya maji, kwa hiyo ingia na fito ndefu na upime kina kwa mkono. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kishughulikie mapema. Na katika ripoti andika waziwazi kama mita zako za ujazo ni za mchanga uliokuwa bado ardhini au wa ndani ya gari, kwa sababu mchanga huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 15 unapochimbuliwa, na jiwe lililovunjwa huongezeka zaidi ya hapo kwa mbali. Ugomvi mwingi niliouona baina ya wenye gari na wenye machimbo ulikuwa wa watu wawili waliopima sawasawa, kila mmoja kwa kipimo chake.

Yule mzee nilimrudia nikiwa na ripoti mpya, nikamwomba radhi mbele ya mwenye kazi. Kwa chimbo lililofuata tulianza pamoja kabla jani halijafyekwa: mimi nikarusha droni, kisha yeye akashika fito la kipokezi chini ya kila mgomba na kila mnazi ambao droni isingeweza kuuona mguu wake. Tulipata nukta 41 za ardhi iliyofichika, na zote ziliingia katika uso wa msingi tunaoutumia hadi leo.