Goti bandia litadumu, ila je, utaridhika nalo?

Msomaji ametuandikia: "Mama ana miaka 68 na daktari amesema goti libadilishwe. Hilo la bandia litadumu miaka mingapi? Asije akapasuliwa mara mbili."

Wasiwasi huo ni wa wengi, na jibu lake linatia moyo. Uchambuzi wa kumbukumbu za kitaifa za upasuaji wa viungo uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba kati ya magoti 100 yaliyobadilishwa goti zima, takriban 82 hudumu miaka 25. Yale yaliyobadilishwa upande mmoja tu ni kama 70. Umri nao una uzito wake. Mwanamume anayefanyiwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini ana uwezekano wa karibu asilimia 35 wa kurudiwa upasuaji maishani. Aliyevuka 70, karibu asilimia 5. Kwa hiyo mama huyu hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya miaka.

La kumkosesha usingizi ni jingine. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano hubaki hajaridhika, hata kama kwenye eksirei kila kitu kimekaa sawasawa. Hapo ndipo maswali yangepaswa kuanzia.

Kwanza, gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, limelika kiasi gani? Mwenye goti ambalo mfupa unasuguana na mfupa hupata nafuu kubwa. Mwenye maumivu makali lakini eksirei yake inaonyesha uharibifu mdogo ndiye hujuta mara nyingi, kwa sababu huenda maumivu yanatoka kwenye nyonga au mgongoni. Nyonga ichunguzwe kabla ya kisu, tafadhali.

Pili, mgonjwa anatarajia nini? Goti bandia ni kofia ya chuma cha kobalti na kromi juu ya mfupa wa paja, sahani ya chuma, mara nyingi titani, juu ya mfupa wa muundi, na katikati plastiki ngumu ya polithilini yenye unene wa takriban milimita 10. Chuma kikigusa plastiki hutoa mlio mdogo wa "ta" unapotembea. Si kasoro. Ngozi ya upande wa nje wa kovu hufa ganzi, kwa kuwa vijineva vyake hukatwa wakati wa upasuaji; kwa wengine ganzi hiyo haiishi. Goti hubaki na joto na uvimbe kwa miezi. Kupiga magoti hakuliharibu, lakini wengi huona karaha. Asiyeambiwa haya mapema huamini kwamba ameharibiwa mguu.

Sasa wiki 6 za mwanzo, ambazo wagonjwa huzichezea na kisha kumlaumu daktari. Kutembea kunahitaji goti lipinde nyuzi 65 hivi, kupanda ngazi karibu 90, kuinuka kwenye kiti kifupi zaidi ya 100. Wote hukazania kupinda, wakasahau kunyoosha. Usiweke mto chini ya goti! Unastarehesha, ndiyo, lakini goti huzoea kujikunja, na goti lisilonyooka kabisa humfanya mtu achechemee na kuchoka paja kila siku. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti lining'inie lenyewe, dakika 10 mara kadhaa kwa siku. Meza dawa ya maumivu nusu saa kabla ya mazoezi. Anayevumilia maumivu bila dawa huishia kutofanya mazoezi.

Goti likishindwa, mara nyingi ni maambukizi, kulegea au kuyumba. Kulegea huja taratibu: chembe za plastiki iliyosagika huuchochea mwili kuula mfupa unaoshikilia chuma. Maambukizi ndiyo ya kuogopwa zaidi, na kinga yake huanza kabla ya upasuaji. Sukari ishushwe, sigara iachwe angalau wiki 4 kabla, jino bovu litibiwe, na sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) isiingizwe kwenye goti hilo ndani ya miezi 3 kabla ya upasuaji.

Kidonda kikiendelea kutoa majimaji baada ya wiki moja, rudi kwa aliyekupasua siku hiyohiyo. Usianze antibiotiki za kujinunulia. Dawa hizo huficha bakteria, maji ya goti yakivutwa na kupimwa hakionekani kitu, na maambukizi yanajichimbia kwenye chuma.

Jambo la mwisho husahauliwa na karibu kila mtu. Vipande vya goti huja na stika zenye jina la mtengenezaji, saizi na namba ya toleo. Omba nakala yake kabla ya kuruhusiwa, uitunze pamoja na cheti. Siku plastiki ikihitaji kubadilishwa peke yake, daktari atakayefungua goti hilo lazima ajue ni ya aina gani na saizi gani, la sivyo huenda akalazimika kung'oa hata chuma ambacho bado kimeshika vizuri.