Usiseme "ni kweli" kwanza, baba

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku nikiwa jikoni, nikairudia mara tatu, moto ukazima na baridi yote hii ya Tukuyu. Umesema umekamatwa hapo Iringa na misokoto miwili ya bangi kwenye mfuko wa jaketi, umelala mahabusu siku moja, umepewa dhamana na Jumatatu unatakiwa mahakamani, afu unaniuliza, mama nikikubali kosa siku hiyohiyo si yanaisha?

Hayaishi baba. Ndo yanaanza.

Nimelia sikufichi, lakini nisikilize. Mjomba wako aliwahi kukamatwa kwa jambo kama hili ukiwa bado mdogo, akadanganywa na wenzie wa mahabusu kwamba ukikubali hakimu anakuonea huruma. Akasomewa shtaka akasema ni kweli, akasomewa maelezo ya tukio marefu, kiasi, mahali, kwamba alikuwa nayo ya kuuza, yote akaitikia ni kweli kwa sababu alitaka kurudi nyumbani. Hakurudi. Tulipotaka kukata rufaa tukaambiwa mtu aliyekiri mwenyewe kwa kawaida hapingi tena kutiwa hatiani, anabaki kulalamikia adhabu tu. Mi nilikaa nje ya ile mahakama nikiwa na chakula chake kwenye hotpoti mpaka kikapoa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, jua umeshtakiwa kwa kosa gani. Usisikilize askari wala jamaa wa kijiweni, hati ya mashtaka yenyewe ndo uisome neno kwa neno. Sheria ya dawa za kulevya ni ya 2015, ikarekebishwa 2017, na ni kali. Kukutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe kuna adhabu yake, kuna faini au kifungo. Kusafirisha ni habari nyingine, huko watu wanaenda miaka 30, na mzigo ukiwa mkubwa hata kifungo cha maisha. Na usidhani kusafirisha ni mpaka upakie magunia kwenye lori, maana kwenye ile sheria hilo neno limebeba mengi, kununua, kugawa, kuhifadhi, hata kuwa nayo. Ukiona neno kusafirisha kwenye hati yako na we ulikuwa na misokoto miwili, usifungue mdomo mpaka wakili aone.

Sikufundishi uongo. Ukikana siku ya kwanza humdanganyi mtu, unamwambia mwendesha mashtaka athibitishe, Katiba ibara ya 13 inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Kukiri unaweza hata baadaye, wakili akishaangalia hati ya ukamataji, ile karatasi ya vitu walivyokukuta navyo, nani alishuhudia ulivyopekuliwa, na kama ripoti ya Mkemia Mkuu inasema kweli ile ni bangi na ina uzito gani. Halafu niambie, polisi uliandika maelezo? Ulisaini? Uliambiwa una haki ya kukaa kimya na kumwita ndugu au wakili? Kumbuka yote na saa zake uyaandike leo kabla hujasahau.

Ikifika mahali pa kukiri, hapo ndo kuwa ni mara yako ya kwanza kunasaidia, wakili anaomba upunguziwe. Muulize kama kwa shtaka lako anaweza kuomba faini, kuachiwa kwa masharti, au kifungo cha nje cha huduma kwa jamii. Ukihukumiwa vibaya, taarifa ya kukata rufaa Mahakama Kuu inatolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya 45, usije ukakaa unasubiri mtu akutafute.

Hela ya wakili isikutie hofu, tuna sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, unaweza kumwambia hakimu huna uwezo, na mi nishaulizia wasaidizi wa kisheria. Nauza yale maparachichi mapema.

Huyo jamaa anayesema umpe laki tatu amalize faili, mkatae. Kutoa rushwa ni kosa kama kupokea, utakuwa na kesi mbili. Na Jumatatu ufike saa mbili kamili, ukiruka dhamana inatolewa hati ya kukukamata na yule baba mwenye nyumba aliyekudhamini anadaiwa hela yake, mtu wa watu hana kosa.

Kuvuta kwenyewe tutaongea tukiwa wawili, nataka kujua umeanza lini na nini kilikusumbua, sitakupigia kelele.

Mahakamani watataka wadhamini tena. Mi nina NIDA, kesho asubuhi naenda kwa mtendaji kuchukua barua, baba yako mdogo wa Makambako nae anachukua ya kwake. Tunapanda basi Jumapili asubuhi. Simu yako iwe na chaji.

Mama