Vifaa vimejaa ambulensi, tubebe nini?

SWALI: Mambo vipi, mi niko kwenye ambulensi hapa Mombasa, kila mara tunaongezewa kitu, mara monita ya kuonyesha mapigo ya moyo, mara mashine ya kufyonza makohozi, mara begi lingine la dawa, gari ni lile lile na mgonjwa yuko ghorofa ya nne, lifti hakuna. Tufanyeje?

JIBU: Pole ndugu yangu. Msipande na vyote. Wekeni begi moja la kuingia nalo: vitu vya njia ya hewa, ambubegi (ule mfuko wa kubana kwa mkono kumpa mgonjwa pumzi), bandeji za kuzuia damu, na mkononi ile mashine ya kushtua moyo, mengine mwenzako atayafuata mkishajua shida ni nini. Dawa zisizotumika sana zitieni kipochi chenye sili, ikiwa nzima hamhesabu upya kila zamu, angalieni tu tarehe ya kuisha. Oksijeni ndo msicheze nayo, mtungi wa lita 340 kwa lita 10 kila dakika ni dakika 34 basi, na foleni ya feri Likoni mnaijua wenyewe! Halafu fungeni mashine jamani, kiwango cha Ulaya cha magari ya ambulensi, EN 1789, kinataka vifungo vihimili mara 10 ya uzito wa kifaa, yaani monita ya kilo 8 gari likigonga inavuta kama kilo 80. Kifaa kipya kikija, mwulizeni bosi kipi kinatoka.