Manholi zafurika kila mvua kubwa: tupanue bomba?

SWALI: Mhandisi, mtaa wetu uko Eastlands, Nairobi, karibu na Mto Ngong. Masika yakianza, manholi tatu za chini hutapika majitaka. Mkandarasi anataka kung'oa bomba la milimita 300 aweke la 450. Modeli ya hidroliki, yaani hesabu ya kompyuta ya jinsi maji yanavyopita kwenye mabomba, itatusaidia kuamua? (Katibu, kamati ya wakazi)

JIBU: Itasaidia, na msichimbe kabla yake. Mabomba ya majitaka Nairobi hayakusanifiwa kubeba maji ya mvua. Ulizeni kwanza mvua inaingilia wapi.

Bomba lenu likiwa safi, kwa mteremko wa 1 kwa 200, hupitisha takriban lita 68 kwa sekunde. Watu 3,000 wakitoa lita 80 kila mmoja kwa siku, wastani ni lita 2.8 tu kwa sekunde. Hata ukizidisha mara nne kwa kilele cha asubuhi, nafasi ipo tele. Sasa chukua paa moja la mita za mraba 200 ambalo gata yake imeunganishwa kimyakimya na manholi. Mvua ya milimita 50 kwa saa huleta lita zilezile 2.8. Paa 25, bomba limejaa!

Kutengeneza modeli hiyo, SWMM, programu ya bure ya EPA (shirika la mazingira la Marekani), inatosha. Pimeni upya kina cha kila manholi na kimo cha sakafu ya bomba. Ramani za zamani msiziamini. Wekeni mita ya mtiririko na kipimamvua kinachorekodi kila dakika 5, kwa sababu jumla ya mvua ya siku nzima huficha kilele. Ndani ya programu, chagueni hesabu ya wimbi dainamiki, inayofuata maji hata yakirudi nyuma. Ile rahisi zaidi, ya kinematiki, haioni maji yanayosukumwa nyuma na bomba kuu (lile ambalo bomba lenu humwagia) likijaa, na karibu na mto hilo ndilo jambo la kushukiwa.

Linganisheni modeli na mvua tatu tofauti au zaidi. Kina cha maji bombani kikiwa kikubwa siku kavu huku mtiririko ni mdogo, kuna mchanga au mafuta yaliyoganda: safisheni. Modeli ikitoa kilele cha chini kuliko kilichopimwa, msichezee namba ya ukwaruzo wa bomba ili zilingane. Kuna maji hamjayahesabu.

Kisha jaribuni humo lile la 450. Bomba kuu lisipokuwa na nafasi, mtamhamishia jirani wa chini mafuriko.

Kusaka paa hizo, pulizeni moshi usio na sumu kwenye manholi siku kavu, mtazame gata zinazofuka. Penye mtego wa maji (kona ya bomba inayobaki na maji) moshi hautoki. Hapo mwageni maji ya rangi kwenye gata, mtu asubiri manholi ya chini.