Filamu ya mnyonya damu kwa pesa ndogo: meno yaacheni kwanza

Umeuliza: mko wanafunzi watano wa chuo, kamera ya kuazima, mchango mdogo, mnataka filamu ya marafiki ambao mmoja wao amegeuka mnyonya damu, na je, mwanze kwa kununua meno ya bandia? Ndugu yangu, meno yaacheni kwanza. Sie tulitengeneza ya namna hiyo hapa Unguja tulipokuwa mwaka wa pili. Meno yalikula karibu nusu ya mchango. Mwenzetu akiyavaa maneno hayatoki sawasawa, na siku ya kuonyesha watu walicheka pale tulipotaka wanyamaze.

Kilichowanyamazisha hakikutugharimu kitu. Wanne wamezunguka sinia la wali, wa tano amenawa, amekaa nao, lakini hatii mkono. Wanamkaribisha, anasema ameshiba. Siku ya kwanza hakuna anayejali. Siku ya tatu, sinia lilelile, mmoja anabaki na tonge mkononi akimtazama. Ukumbi mzima ulitulia. Kwetu mtu asiyekula na wenzake ana jambo, na hilo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nawasihi muanzie hapo, kwenye urafiki wenyewe. Damu ije baadaye.

Kuhusu usiku msijitese kwa kukodi taa. Dracula, mnyonya damu wa kitabu cha 1897, hutembea mchana. Kufa kwa mwanga wa jua kuliletwa na filamu ya kimya ya Ujerumani, Nosferatu, mwaka 1922. Sie tulipiga saa kumi alasiri vichochoroni Mji Mkongwe, ambako kuta ndefu zinaleta kiza kabla jua halijatua. Tena pwani tunaye mumiani wetu, aliyeogopwa kwa sababu alionekana mtu wa kawaida, mwenye kazi yake, kumbe anatafuta damu ya kufanyia dawa. Huyo anaingia vizuri katika kundi la wanachuo. Popobawa, yule pepo wa usiku, msimguse. Mwaka 1995 hofu yake ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, watu wakalala nje kwa makundi, na wazee waliopitia yale wapo hai. Sheha wetu, kiongozi wa mtaa, alituomba hivyo, nami naona alikuwa na haki. Na nendeni kwa sheha kabla ya kutoa kamera, mkiwa na kibali cha kupiga filamu.

Damu: sukari ichemsheni mpaka iwe nzito, rangi nyekundu ya chakula, kakao kidogo iwe ya kiza. Sisimizi watakuja, basi mwigizaji anayelala chini mtandikieni karatasi ya nailoni.

Sauti ndiyo iliyotutoa jasho. Magharibi ikikaribia kunguru wanarudi mitini, halafu adhana inatoka misikiti kumi kwa pamoja. Pangeni mazungumzo yaishe kabla ya hapo, na simu ya kurekodi itieni katika mfuko wa shati wa mwigizaji, karibu na mdomo.

Kama mtapiga ufukweni, angalieni mwezi kwanza. Kujaa na kupwa kwa maji kunachelewa kama dakika 50 kila siku. Tulianza onyesho Jambiani maji yamejaa, tukarudi baada ya wiki saa ileile tukakuta yamekupwa, na picha hazikuungana kabisa. Ilibidi tungoje bamvua jengine, yaani maji makubwa, wiki moja zaidi, na mwigizaji wetu mkuu kishanyoa ndevu.