Kulala Ndani ya Gari Saadani: Ushauri kwa Wawili Wanaotaka Kwenda

Mtu akisikia kwamba mimi na mume wangu tunalala ndani ya gari mbugani, swali lake la kwanza huwa ni simba. Kwa Saadani, mbuga ya Tanzania inayogusa bahari, cha kuulizia kwanza ni joto. Gari la bati likishinda juani ufukweni mwa Bahari ya Hindi, usiku linawarudishia joto lote, na wawili mliolala humo bila kupanga hewa ipite wapi mtaamka mmechoka na mmenuniana. Kwa hiyo kabla ya wanyama, ulizia upepo.

Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, pwani yetu hupigwa na kusi, upepo wa kutoka kusini. Desemba hadi Machi ni kaskazi, wa kutoka kaskazini. Haisi yetu ina mlango wa kuvuta ubavu wa kushoto. Wakati wa kusi tunaegesha pua ikitazama bara, mlango unakuwa upande wa kusini na upepo unapita ndani moja kwa moja hadi madirisha ya pili. Mlango wa nyuma ukiunyanyua, bahari unaiona ukiwa umejilaza. Wakati wa kaskazi tunageuza, pua inatazama baharini. Fanyeni hivyo tangu alasiri, ili giza likiingia na mlango ukifungwa bati liwe limeshapoa. Usiku yabaki wazi madirisha tu, tena kidogo, yakiwa na chandarua. Sisi vyandarua vya madirisha tulishonea sumaku kwenye pindo. Vinanata vyenyewe kwenye bati na havichukui nafasi. Hapo msifanye ubahili, pwani kuna malaria.

Saadani ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,100, na ndani yake kuna Mto Wami, msitu wa Zaraninge, mikoko, na kijiji cha wavuvi ambacho enzi za misafara kilikuwa bandari. Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani mwaka 1889, alikuwa mtawala wa hapo. Nalitaja hili kwa sababu wengi hupita kijijini mbio kwenda kutafuta tembo. Mimi ningewaomba msimame, muwasalimie wazee, mnunue samaki kwa wavuvi wenyewe mashua zinapotia nanga. Samaki wa kuchoma aliyetoka majini asubuhi ile ile anazidi chochote mlichobeba kwenye deli kutoka Dar.

Na msiende kwa matarajio ya Serengeti. Wanyama wapo, twiga, nyati, tohe, ngiri, viboko na mamba wa Wami, ila hawajipangi makundi kwa makundi barabarani, na anayezungukazunguka na gari kuwasaka atakwisha mafuta na uvumilivu. Faida ya kuwa na kitanda ndani ya gari ni kwamba hamna hoteli inayowasubiri kwa chakula cha mchana. Chagueni sehemu moja inayoruhusiwa, mzime injini, mkae. Asubuhi moja tulikuwa tumekaa hivyo na vikombe vya chai, akatokea kuro dume, swala mkubwa, kwenye majani upande wetu wa kulia. Manyoya ya shingoni yalikuwa yamelowa umande yakashikana, na tulipomwona kwa nyuma, lile duara jeupe la matakoni lilikuwa safi kama limechorwa. Alikula pale mpaka chai ikapoa. Nyuma yake mawimbi yalikuwa yanasikika. Kwa jambo hilo tu mimi ningerudi Saadani kila mwaka.

Mkitaka kuogelea, angalieni mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hukupwa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi. Ufuko wa Saadani ni wa maji mafupi, yakikupwa mtatembea kwenye matope na mchanga mpaka mkate tamaa. Pangeni mizunguko ya wanyama asubuhi, bahari iwe ya alasiri. Kwenye ufuko wa Madete, humo humo hifadhini, kasa hupanda kutaga, na vifaranga wake hufuata mwanga. Taa za gari na tochi kali zisielekezwe ufukweni usiku, tafadhali sana.

Mbung'o wapo, na wanauma kupita nguo nyepesi. Hupenda rangi ya bluu na nyeusi, na hukimbilia kitu kinachotembea. Vaeni kaki, fungeni vioo mnapopita vichakani, na kama mapazia ya gari lenu ni ya bluu, yabadilisheni kabla ya safari.

Njia ya kutoka Dar ni Chalinze, mnavuka Wami, mnakata kulia Mandera na kupita Miono. Kiangazi gari lolote lililoinuka kidogo linafika. Masika ni habari nyingine: udongo mweusi wa kule ukilowa unashika tairi na hauachii, hata kwa gari la kuvuta magurudumu yote. Machi hadi Mei mimi sishauri kabisa. Miezi mingine, mpigieni simu askari wa hifadhi siku moja kabla muulize kama mvua imenyesha.

Malipo ya kiingilio na ya kambi hayapokewi kwa fedha taslimu, na kibali ni cha saa 24. Kwa hiyo saa ya kuingia ina maana kubwa: mkiingia saa nane mchana, mnapata jioni nzima na asubuhi nzima, vipindi viwili vizuri kuliko vyote, bila kulipia siku ya pili.

Linabaki la usiku, ambalo wapenzi wengi hawalizungumzi mpaka wafike. Baada ya giza hakuna kushuka garini. Basi ndoo yenye mfuniko iwepo, na muwe mmekubaliana mapema nani anaamsha nani, maana aibu ya saa tisa usiku inaweza kumtoa mtu nje mahali asipotakiwa kuwa. Matunda yasilale garini. Tembo hunusa embe kutoka mbali, na nyani wanajua kufungua vitu kuliko mnavyodhani. Sisi huyamaliza kabla ya machweo, maganda tunayafunga kwenye chombo cha bati.

Mkiwa na nafasi, siku ya kuondoka msirudi Mandera. Tokeni kaskazini kupitia Mkwaja hadi Bweni, mvuke mto kuingia Pangani mjini, kisha Tanga. Ni safari ndefu zaidi, lakini mtaiona pwani ambayo wasafiri wa Dar wengi hawajawahi kuikanyaga.